Kilio ya Tom Beirne ku Forest

Alphonsine Nday alizaliwa ku Élisabethville, yenye leo inaitwa Lubumbashi, mu avril 1962, ngozi rangi ya chai ya maziwa, nywele sawa waya ya kutu, na madoa-madoa ku pua, utasema muntu alimurushia mafuta ya mawese. Hakuna muntu mu quartier alipoteza wakati ya kuuliza baba ni nani. Basoda ya ONU, askari ya Umoja wa Mataifa, balikuwa na kambi pale pale karibu, na mama yake, Nday, njo alikuwa anabafulia nguo. Bantu bakamuita Mutoto ya ONU. Bamasœurs bakamubatiza Alphonsine. Na mu kitabu ya commune mukarani akaandika: baba, hajulikane.

Hajulikane! Nday alikuwa anamujua mpaka kovu ya ku goti. Na foto alikuwa nayo: kijana mwembamba, kofia ya bleu, culotte mufupi, magoti sawa ya kuku, anacheka sawa vile dunia aliachiwa na babu yake. Nyuma ya foto, ule kijana aliandika yeye mwenyewe na kalamu: Tom Beirne, Kilmora, Ireland. Kiisha akapanda ndege, akaenda. Barua, hakuna. Hata kipande ya sabuni, hakuna. Nday akalea mutoto na mikono yake mbili, na siku alikufa, ile foto ilikuwa mu sanduku chini ya pagne ya kanisa.

Alphonsine akaibeba mpaka Bruxelles mu 1992, wakati kule mambo iliharibika. Alikuja na bwana na tumbo. Tumbo ikatoka Graciella. Bwana akasema anaenda Anvers kuangalia pièce ya gari, na mpaka leo anaiangalia. Alphonsine akabakia ku Forest, quartier moja ya Bruxelles, étage ya pili, dirisha inaangalia usine ya magari yenye kufungwa, na kazi yake ikakuwa kupiga pasi. Myaka makumi tatu anapiga pasi nguo ya bantu. Anajua bazungu kwa kola ya chemise: uyu ni mulevi, uyu bibi yake alishaenda, uyu hana muda mingi ya kuishi.

Haiko muntu ya kulia. Haiko muntu ya kucheka sana vile vile. Graciella anamuambiaka:

“Maman, weye uko sawa fer ya pasi yenye haiko ku courant.”

Anamujibu: “Ile yenye iko ku courant njo inaunguzaka bantu.”

Kintu moja tu alikuwa anaitaka, na hakuificha. Hakutaka mali ya muzungu, hakutaka paspoti yake, hakutaka kukumbatiwa. Alitaka baba amuandike. Pahali yoyote, hata ku karatasi ya kufungia samaki, mukono ya ule muntu ao ya bantu yake iandike: Alphonsine, mutoto ya Tom. Juu ukiwa muntu ya myaka makumi sita na baba “hajulikane”, kila guichet ya Bruxelles inakukumbusha. Mutoto ya juzi nyuma ya vioo anakuuliza: nom du père, jina ya baba? Na weye, mama muzima, unajibu: weka kamustari.

*

Kila jeudi Alphonsine anaendaka ku Etterbeek, kwa Madame Dympna. Uyu ni mwanamuke ya Irlande, ya Dublin, myaka makumi saba na sita, alitafsiri makaratasi ya Europe mpaka macho ikachoka, sasa eko na pension na paka. Myaka munane Alphonsine anamupigia pasi, na hawakuongea kintu zaidi ya nguo na mvua. Jeudi moja Alphonsine akatoa foto mu sakosi, akaiweka ku meza ya kupigia pasi.

“Madame, hii Kilmora iko wapi?”

Madame Dympna akavaa miwani. Akasoma. Akaikala ku kiti ya jikoni sawa muntu balimukata miguu.

“Alphonsine! Mais weye ni mutoto ya kwetu!”

Tangu siku ile hakukuwa amani. Madame Dympna alikuwa na kikundi ya Bairlandais ya Bruxelles: dimanche ya kwanza ya kila mwezi banakutana mu sale nyuma ya kanisa, banasomeshana historia ya inchi yenye bameacha. Bantu benye kulipwa vizuri, benye kurudi kwabo kila sikukuu ya Noël na ndege ya saa moja na nusu, na bado banaimba nyimbo ya ukimbizi na kujipangusa machozi. Akamupeleka Alphonsine. Balimupokea na chai nyeusi sawa lami na keki yenye zabibu kavu. Kila muntu akamuambia: “Karibu ku nyumba.” Alphonsine akaikala ku kiti ya nyuma, sakosi ku magoti, akasikiliza.

Balimufundisha njaa ya pomme de terre, mu 1847, vile mimea ilioza mu udongo kwa juma moja, bantu bakafia mu barabara, bengine bakapanda mashua na kwenda Amerika. Alphonsine akauliza:

“Na chakula ingine, hapakuwa?”

“Ilikuwa,” muzee moja akamujibu. “Ngano ilikuwa. Bakubwa balikuwa banaipeleka inje kuuzisha.”

“Ah bon. Hapo sasa ninaelewa. Sawa ku Katanga.”

Bakamupeleka Louvain, bakamuonyesha nyumba ya mapadri yenye Bairlandais balijenga myaka mia ine imepita, wakati machifu yabo balikimbia. Akaangalia ukuta. Ulikuwa ukuta. Bakamupeleka Geel, pa kanisa ya mutakatifu Dympna, mwenye Madame alipewa jina yake. Balimuelezea: alikuwa mutoto ya mufalme ya Irlande, baba yake akataka kumuoa, mutoto akakimbia mpaka hapa Belgique, baba akamufuata, akamukata kichwa. Bote bakafanya alama ya musalaba. Alphonsine akasema:

“Ule angalau baba yake alimufuata.”

Hakuna muntu alijua kama bacheke ao basali. Madame Dympna akapenga kamasi.

Yote ile, Alphonsine alikuwa anaipokea sawa unapokea linge, nguo chafu ya muntu: unahesabu, unakunja, unaweka pembeni. Alingojea kintu isogee mu kifua. Hakuna kintu ilisogea. Ku bus ya kurudi bale balikuwa banaimba, yeye alikuwa anaangalia ng'ombe.

Kiisha ikafika dimanche ya Katanga. Muzee mwenye tai ya kijani akaleta foto ku ukuta, akaelezea vile basoda ya Irlande balizungukwa ku Jadotville mu 1961, vijana mia na zaidi, maelfu mbele yabo, vile balijitetea siku na siku mpaka masasi na maji ikaisha. Bale bote mu sale balikaza shingo kwa fahari. Ku foto moja ya kambi ya Élisabethville ulikuwa unaona nyuma kabisa kamba ya nguo, chemise makumi kwa makumi, na banamuke batatu benye kuinama. Alphonsine hakuangalia basoda. Aliangalia ile migongo. Akanyanyua mukono.

“Bon. Na bale banamuke, balikuwa banani?”

Muzee ya tai akageuka ku foto, utasema ni mara ya kwanza anabaona.

“Bafuaji, madame. Bantu ya pale.”

“Majina?”

“Hatuna majina.”

“Ya basoda muko nayo yote.”

“Ya basoda, ndiyo, tuko na liste.”

“Merci,” Alphonsine akasema, na akashusha mukono.

*

Barua ziliandikwa tatu. Madame Dympna aliziandika na kingereza ya adabu, Alphonsine akatia foto yake mwenyewe mu kila moja. Enveloppe balitia jina na kijiji, basi. “Ku kijiji ya Irlande facteur, mwenye kupeleka barua, anajuaka bantu bote,” Madame akasema, na kiburi sawa yeye njo alizaa facteur. Ya kwanza hakuna jibu. Ya pili hakuna jibu. Ya tatu, Alphonsine hakungojea tena ku sanduku ya barua, alituma Graciella.

Sasa, bale Bairlandais beko na desturi moja. Asubuhi, mbele hajanywa chai, Muirlandais mwenye kukaa inchi ya mbali anafungua tangazo ya bafu ya kwabo. Inatokaka kila siku, kijiji kwa kijiji. Madame Dympna alikuwa anaisoma sawa mwingine anasoma météo, habari ya mvua na jua. Na tangazo yenyewe haiko neno mbili: banaandika mufu alifia wapi, na kiisha banapanga bantu yake bote, jina kwa jina: bibi, batoto, bajukulu, bandugu, mpaka jirani. Ukiwa mu ile liste, uko muntu yake. Ukikosa, haukukuwa.

“Bote banaandikwa?” Alphonsine aliuliza siku ya kwanza.

“Bote. Kukosa mutoto mumoja mule, ni vita ya myaka makumi tano.”

Tangu pale, jeudi, mbele ya kugusa chemise, Alphonsine alikuwa anasimama nyuma ya kiti ya Madame na kusikiliza bafu ya Irlande. Hakuwajua. Alisikiliza tu batoto yabo banaitwa, mumoja mumoja.

Mu février, jeudi moja ya mvua, Madame Dympna akasoma, akaacha kusoma, akatia mukono ku kinywa.

“Alphonsine. Ikala.”

“Miye niko sawa hivi. Semeni.”

“Tom Beirne. Kilmora. Mardi, ku nyumba yake, myaka makumi munane na sita. Mungu amupokee.”

Paka ikaruka ku meza. Alphonsine akaishusha.

“Someni batoto.”

Madame akasoma polepole, kidole ku kioo ya tablette. Bwana ya Bridie. Ndugu ya nani na nani. Tonton ya Fulani. Akafika mwisho.

“Batoto hakuna, Alphonsine. Hakuzaa.”

“Hakuna hata mumoja?”

“Hata mumoja.”

Alphonsine akachukua chemise ya kwanza.

“Alors ni miye peke yangu,” akasema. Kiisha akachomeka fer, akapiga pasi chemise sita na drap mbili ya kitanda, juu alikuwa amelipwa kwa saa tatu.

*

Ukiwa mutoto ya pekee, haukae na mufu mu kichwa. Ile kila muntu ya Katanga anajua. Baba akikosea, akikimbia, akikuandika ao asikuandike, siku anakufa mutoto analala chini na bantu banakuja. Alphonsine alipeleka habari kwa Tonton Désiré. Uyu njo anapangaka kilio ya bantu ya Lubumbashi hapa Bruxelles: anajua nani anaikala mbele, nani anaanza kulia, nani hapaswe kukaribia bière mbele ya sala.

“Mufu ni kabila gani?” Tonton Désiré akauliza, kalamu mu mukono.

“Irlandais.”

“Na bale banaliaka namna gani?”

“Madame anasema banaikala na maiti ndani ya nyumba, banakunywa, banakula, banamuongelea mabaya na mazuri mpaka asubuhi.”

“Eh! Shi ni Baluba sawa kwetu, bale!” Akaandika. “Na batoto ya mufu?”

“Miye.”

“Na bengine?”

“Hakuna.”

“Pole, Maman. Basi weye njo utanyoa kichwa.”

Akanyoa. Samedi, saa nane ya muchana, sale ya parokia ya Forest ikajaa. Foto balikuwa balikuza mpaka ikakuwa kubwa sawa mulango, bakaisimamisha kati ya mishumaa mbili na maua: Tom Beirne na magoti yake ya kuku, anachekea bantu mia. Bamama ya Matonge, quartier ya bantu ya Congo, bakaingia na vilio kutoka inje ku trottoir, bakafika mbele, bakaona foto, kilio ikakatika mu koo.

“Mufu njo uyu?”

“Njo yeye.”

“Mais ni kijana!”

“Foto ni ya zamani. Alikuwa na myaka makumi munane na sita.”

“Ah bon.” Na kilio ikaanza tena palepale ilikatika.

Madame Dympna akafika na sandwichi ya jambon yenye kukatwa pembe tatu, akaikala ku matanga sawa alizaliwa ku Kamalondo, kule Lubumbashi. Na kwetu mujukulu njo ana ruhusa ya kumutukana mufu. Graciella akasimama, pagne ku kiuno, akaelekea foto, kidole mbele:

“Weye, muzee! Balikutuma kuleta amani, weye ukaleta tumbo! Ulisahau mutoto sawa parapluie ya mvua mu bus! Leo nani anakulilia? Ni ule parapluie!”

Sale ikaanguka na kicheko. Hata padri alificha mudomo. Bamama bakapiga vigelegele, Tonton Désiré akapangusa macho. Alphonsine, chini ku mukeka, kichwa yake ya kunyolewa, macho kavu, hakucheka, hakulia. Bantu bakasema: huzuni imemukaza. Haikuwa huzuni. Alikuwa anajiangalia sawa muntu anaangalia soko ya inchi ingine kupitia dirisha ya train. Dada mumoja alimufinya mukono ili machozi itoke. Ilitoka alama tu.

Na jioni, ku bus, Graciella alifanya kintu yenye alifikiria ni mapendo. Kule ku tangazo ya mufu kuko pahali pa kuandika pole, na kila muntu mu dunia anaisoma. Akaandika na kingereza yake ya masomo: “Papa Tom, pumzika. Tumekulilia leo ku Bruxelles. Mutoto wako mumoja tu, Alphonsine, mwenye ulizaa na Nday ku Congo, na mujukulu wako Graciella.” Chini akatia numéro yake ya simu.

*

Lundi, saa tatu ya asubuhi, simu ikalia. Graciella alikuwa angali anakunywa kahawa, mama yake eko anapiga pasi. Sauti ya mwanaume, kingereza nzito. Graciella akaiweka ku haut-parleur, bote basikie, na akatafsiri.

“Ni miye Noel Beirne, ya Kilmora. Ninatafuta ule mwenye kuandika mu kitabu ya pole ya maskini Tom.”

“Ni miye. Mama yangu ni mutoto yake.”

Ule mwanaume akashusha sauti.

“Madame, hapa Kilmora tuko na ba-Tom Beirne batatu. Tom ya Kilima, Tom ya Posta na Tom Mwekundu. Mwenye kufa ni Tom ya Kilima. Muntu ya ng'ombe. Safari ya mbali yenye alifanya mu maisha yake ni kwenda Dublin kuona mupira. Bibi yake Bridie alisoma maneno yenu mbele ya jeneza. Myaka makumi tano na tano ya ndoa, Mungu hakubapa mutoto, na sasa anasoma kama bwana alikuwa na mutoto Congo! Docteur amemupa dawa ya kulala. Na jana ku kanisa hakuna muntu aliangalia padri.”

Graciella akashindwa kutafsiri ya mwisho. Alphonsine akamuambia: “Endelea.”

“Mu kijiji yote, mwenye kwenda Congo ni mumoja tu,” Noel akasema. “Ni baba yangu. Tom ya Posta. Na kila muntu hapa anajua hesabu.”

“Na yeye alikufa lini?” Alphonsine akauliza.

“Hakufa. Eko hapa. Eko anakula.”

Fer ilikuwa juu ya chemise. Alphonsine akaisimamisha mbele haijaunguza. Akapitisha mukono ku kichwa yake ya kunyolewa.

“Muulize eko anakula nini.”

“Maman!”

“Muulize.”

“Pomme de terre na nguruwe,” Noel akajibu, na akakuwa na haya, huwezi jua juu ya nini.

“Bon. Barua tatu, alizipata?”

“Zilifika. Aliniambia ni ya pension. Alitia mu moto.”

“Na sasa anasema nini?”

“Tangu samedi hajasema neno hata moja.”

“Mupe simu.”

Ikakuwa kelele ya kiti, ya kisahani, kiisha pumzi ya muzee, nzito, karibu kabisa. Graciella akatayarisha kingereza. Alphonsine akamufanyia alama anyamaze, akasema na Swahili, polepole:

“Miye ni mutoto ya Nday. Nday mwenye alikuwa anakufulia nguo ku kambi.”

Pumzi. Pumzi. Saa ya ukuta, kule Irlande, ulikuwa unaisikia.

“Nday,” muzee akasema.

Graciella akaongeza sauti ya simu.

“Nday,” akasema tena, na sauti ikabadilika, ikakuwa ya kijana, ya kuamuru. “Maji moto, Nday. Maji moto. Upesi-upesi.”

Kiisha hakuna kintu. Noel akachukua simu.

“Anasema nini? Ni luga gani ile? Hatukusikiaka anasema vile!”

Graciella alikuwa amefunga kinywa na mikono mbili. Alphonsine akainama ku simu na akasema ile kingereza kidogo yenye anajua:

“Hot water. He want hot water. Give him.”

Mbele ya kukata simu, alimutuma Graciella aombe kintu moja. Siku ule muzee atakufa kweli, bamuandike mu tangazo, mu liste ya batoto. Noel akasema ataongea na dada yake Fidelma, juu Fidelma njo mukubwa. Akasema haiko mambo mepesi. Alphonsine akasema anajua byepesi na bizito, yeye anabebaka linge.

Graciella alilia mpaka saa sita ya muchana.

“Maman, anamukumbuka! Alisema jina yake!”

“Alisema jina ya mufuaji.”

“Quand même ni uhakika!”

“Uhakika miye nilikuwa nayo ku pua tangu kuzaliwa.”

Jeudi akaenda ku Etterbeek sawa kawaida. Madame Dympna alilia, akaomba musamaha, akasema ku Dublin manyumba iko na numéro, hakufikiria. Myaka ngapi anafundisha bantu historia ya vijiji ya kwabo, na hajue ata kijiji inaita bantu yake namna gani! Alphonsine hakumutukana. Alimuambia chemise ya bleu imepasuka ku kikwapa. Graciella alikuwa ameshafuta maneno yake ku tangazo, na balituma barua kwa Bridie: bwana yako hana kosa, kosa ni ya huku. Bridie hakujibu. Alikuwa na haki yake yote.

Bantu ya Forest, habari iliwafikia mbele ya dimanche. Kama mufu eko anakula nguruwe, kilio ilikuwa ya nani? Tonton Désiré akakata maneno:

“Kilio haina marche arrière, hairudiake nyuma. Ule muntu, kwetu, alishazikwa. Kama anatembea, ni mambo yake.”

*

Noel alipiga simu mara mbili tu mu ule mwaka. Moja kusema muzee balimupeleka ku maison de repos, nyumba ya bazee. Moja kusema hasemi tena na muntu yoyote. Kuja kumuona, hakuna mwenye alisema “kujeni”, na Alphonsine hakuuliza. Nywele ikarudi, ya kutu na nyeupe. Ku kikundi ya dimanche alirudi mara moja, balikuwa banafundisha juu ya monument ya Bairlandais ku Mesen, bale benye kufia mu vita kubwa ya 1914. Majina maelfu na maelfu. Alitoka mbele keki haijaletwa.

Mu novembre, mercredi, Graciella alifika ku Forest asubuhi, koti haijafungwa, simu mu mukono.

“Maman, alikufa. Uyu sasa ni yeye. Noel ametuma tangazo.”

“Soma.”

Graciella akaikala. Alikuwa ameshaisoma ku tram, uso yake ilisema.

“Tom Beirne, ya Posta, Kilmora. Musoda ya zamani ya ONU. Bwana ya marehemu Kathleen. Baba ya Fidelma na Noel...”

“Na?”

“Fidelma na Noel, Maman. Kiisha ni bakwe. Kiisha bajukulu, beko saba. Dada yake ku Boston. Batoto ya bandugu yake. Majirani yake mazuri. Barafiki ya mupira.” Sauti ikapanda kwa hasira. “Bauguzi na bakazi bote ya maison de repos. Na Alphonsine, Bruxelles.”

“Soma tena ya mwisho.”

“Na Alphonsine, Bruxelles.”

“Basi?”

“Basi. Bamekutia nyuma ya jirani! Nyuma ya bale benye kumubadilisha couche sawa mutoto! Hawakusema mutoto, hawakusema kintu. Utasema uko muntu alipita kuuzisha mifagio!”

Alphonsine akaikala upande ingine ya meza. Akachukua simu, akaiweka mbali, akaileta karibu. Kingereza hakusoma, lakini jina yake aliitambua, na Bruxelles aliitambua. Akaangalia ile maneno mbili wakati murefu, na Graciella akangojea. Angengojea mpaka leo. Ku uso ya mama yake hakukuwa kintu, sawa drap yenye kumaliza kupigwa pasi.

“Bameandika muzuri,” Alphonsine akasema. “Na ph.”

Simu ya nyumba ikalia. Ilikuwa Tonton Désiré, habari ilishafika Matonge, anauliza bafanye nini, sale ya parokia iko libre samedi.

“Hapana, Tonton. Bantu balishakula.”

Akarudisha simu. Graciella alikuwa eko anaandika kwa Noel, vidole inapiga kioo sawa mvua ya mawe.

“Unamuandikia nini?”

“Yote! Minamuambia yote yenye bale banastahili kusikia!”

“Futa.”

“Maman!”

“Futa, minakuambia. Muandikie merci.”

“Merci! Kwa nini, merci?”

“Merci,” Alphonsine akasema. “Moja. Na usitie ‘sana’.”